Fundi, bunduki yangu ya .375 imeniulia darubini mbili, sasa ninunue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina CZ 550 ya .375 H&H, nafanya kazi na mwindaji bingwa huku pori la akiba la Rungwa. Darubini ya kwanza 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40) ilikufa baada ya risasi kama 30, msalaba wa kulengea ukalala upande. Ya pili imemaliza msimu mmoja tu, saa hizi risasi inaenda inapotaka, leo kushoto kesho juu. Fundi wa hapa karibu alitufungia mpira wa tyubu ndani ya ringi zinazoishika darubini na kukaza sana, haikusaidia. Sasa kuna jamaa ananiuzia 6-24x50, imeandikwa shokiprufu na kioo chake kisafi ajabu, nimeangalia mnara wa simu ulioko mbali nikaona mpaka nati. Bei yake nzuri. Nichukue, au una nyingine unashauri?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichukue.

Na kilichonifanya nikae nikuandikie kirefu sio hata hiyo 6-24, ni huo mnara wa simu. Kila anayeniletea darubini iliyokufa huwa namuuliza, ulivyonunua uliipimaje? Jibu lilelile miaka yote, nilitoka nje ya duka nikaangalia bango, nikaangalia ndege juu ya mwembe, mwingine aliangalia saa ya msikiti akasoma mpaka dakika. Haya umesoma dakika, hongera, umepima kioo. Sasa nani alikwambia .375 inavunja vioo? Mimi nimefungua darubini za watu nyingi sana, zenye kioo kilichopasuka kwa teke la bunduki ikirudi nyuma hazifiki vidole vya mkono mmoja. Kinachokufa ni mtambo wa ndani, na mtambo huo ukichungulia huuoni, unachoona wewe ni mnara tu.

Ujue ndani ya hilo bomba la nje kuna bomba lingine dogo. Ndilo linabeba lenzi za kugeuza picha na mara nyingi na msalaba. Nyuma limeshikwa kama limewekewa bawaba, mbele linaelea, juu na pembeni linasukumwa na skrubu za vile vifundo unavyozungusha kliki kurekebisha mlengo, na upande wa pili kuna springi inalirudisha. Basi. Maisha yote ya darubini yako yako kwenye hiyo springi. Kama ni ya bati jepesi, kila teke linailegeza kidogo, bomba la ndani linaanza kucheza, ndio unapata risasi ya leo kushoto na kesho juu. Wale wazee mnaowaona wanazungusha kliki halafu wanagonga kifundo na kitako cha kisu, wanagonga kwa sababu bomba limekwama na springi haina nguvu ya kulisukuma, na teke la risasi inayofuata lingelisogeza lenyewe, ila bila kukuambia limelipeleka wapi. Alafu ukiwa na zumu unaongeza balaa lingine, maana lenzi zinatembea kwenye mifereji kwa kutumia vipini vidogo, vikishalika unageuza zumu kutoka 3 kwenda 9 na sehemu inapopiga risasi inahama. Msalaba uliolala kama wa darubini yako ya kwanza maana yake pete inayoushika imefunguka. Hayo yote yanatokea kioo kikiwa kisafi kama maji ya mlimani.

Na watengenezaji wa bei chee wanajua mnanunua kwa jicho, kwa hiyo hela kidogo waliyonayo wanaimwaga kwenye rangi ya kioo na kwenye zumu, springi wanaweka ya kalamu. Ningekuwa mimi ndio mwizi ningefanya hivyohivyo.

Sasa uzito. Tuchukue bunduki ya kilo 4.3, risasi ya greni 300 (gramu 19 hivi), baruti ya kawaida ya kiwandani. Hiyo bunduki inakurudia begani kwa spidi ya karibu mita 5 kwa sekunde, nishati kama jouli 52. .30-06 iko kwenye 27 hivi, .458 Winchester inakimbilia 80. Lakini bega lako sio shida ya darubini, shida yake ni kwamba spidi hiyo inapatikana ndani ya muda mdogo sana, tuseme milisekunde mbili na nusu. Ukipiga hesabu, kila kitu kilichofungwa juu ya bunduki kwa muda huo kinavuta kama kina uzito mara 200 wa kawaida yake. Darubini ndogo ya gramu 270 inavuta kama kilo 54. Hiyo 6-24x50 yako, ambazo nyingi zinafika gramu 700, inavuta kama kilo 140, yaani karibu gunia zima la mahindi na nusu yake, limeshikwa na ringi mbili na skrubu nyembamba. Bunduki inarudi nyuma, darubini inataka kubaki pale ilipokuwa, ndio maana darubini zinazotembea huwa zinatembea kwenda mbele. Na lenzi kubwa ya 50 iko mbali kabisa huko mbele inaning'inia nje ya ringi, kila risasi inafanya kazi ya nyenzo.

Kwa hiyo ukisikia darubini ngumu ya bunduki yenye teke, tafuta nyepesi, fupi, na yenye vitu vichache vya kuchezacheza ndani. Watu hawapendi kusikia hivi. Wanataka kubwa, wanadhani ukubwa ndio ubavu, kama vile unachagua fahali mnadani.

Hilo neno shokiprufu ndio kabisa. Shoki ya nini? Ya kudondoka mezani? Ya .22? Neno halina kipimo, mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa stika anaweza kuliandika. Kuna na wale wauzaji wanakwambia hii imepimwa kwenye bunduki ya upepo ya springi, bunduki inayoua darubini kuliko zote, basi .375 ni mchezo wa watoto kwake. Kweli, bunduki ya upepo ya springi inaua darubini, nimeshuhudia nzuri zikifa, lakini inaua kwa sababu pistoni ikifika mwisho inairusha bunduki mbele, teke la kinyume ambalo darubini nyingi hazikutengenezewa. Kuhimili kale ka mtikisiko ka mbele hakukupi cheti cha gunia na nusu la nyuma. Ni vitu viwili.

Turudi kwa fundi wako wa tyubu. Hapa naomba unisamehe nikipandisha sauti. Huo mpira nimeutoa kwenye ringi za watu sijui mara ngapi, wengine wanaweka tepu ya umeme, wengine supa glu, kuna mmoja alikuja amejaziwa gundi ya kubandika soli za viatu. Mpira ni kitu cha kunepa! Darubini ikikaa juu ya mpira kila teke inasogea, na hairudi palepale, halafu mpira ukimaliza kunepa ringi zinaivuta kwa mshtuko badala ya kwenda nayo pamoja tangu mwanzo. Na kwa kuwa mpira umejaza nafasi, vifuniko vya ringi havikai sawa, kwa hiyo fundi anakaza, anakaza tena, mpaka bomba la nje linabonyea, na bomba likibonyea lile la ndani linabanwa haliwezi kutembea. Ukiona kliki hazisikii au zumu imekuwa nzito kuzungusha, hiyo ni darubini iliyokabwa koo. Sio teke lililoiua, ni spana.

Ndio maana nakwambia kabla hujanunua ya tatu, una uhakika hiyo ya pili imekufa? Wengi wananiletea maiti ambazo ni nzima. Fungua, toa huo mpira, pangusa bomba na ringi kwa asetoni mpaka pasiwe na mafuta kabisa. CZ yako ina bahati, njia za ringi zimechongwa juu ya chuma chake chenyewe, huna beis (vyuma vya kati vya kushikia ringi) za kulegea katikati. Ila upana wake ni milimita 19, na madukani ringi zilizojaa ni za milimita 11 za .22 na za upepo, kuna watu wanazilazimisha kwa tupa, wewe usithubutu. Nunua za chuma za CZ yako. Skrubu za vifuniko kaza kwa bisibisi inayopima nguvu, nyutoni mita 2 zinatosha, na mianya ya pande zote mbili iwe sawa, usibane upande mmoja mpaka ukafunga. Gundi ya skrubu usiweke hapo, inatelezesha nyuzi na utajikuta umekaza kupita kiasi bila kujua. Loctite ya bluu ni ya wenye beis za skrubu, nao wakiweza wapanuliwe matundu kutoka skrubu ndogo za 6-48 kwenda nene zaidi za 8-40, kwa .416 na .458 mimi siwafungii bila hivyo.

Ukimaliza kufunga chora mstari mwembamba wa penseli kwenye bomba, palepale linapokutana na ringi. Piga risasi tano. Mstari ukihama, tatizo lako lilikuwa ringi na darubini haina kosa. Usipohama na bado risasi zinatawanyika, ipime yenyewe, na risasi za .375 ni ghali naelewa, kwa hiyo pima bila kupiga. Toa bolti, funga bunduki isicheze, weka karatasi ya miraba mbali kidogo, angalia kwenye darubini halafu zungusha kliki 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto, 20 chini. Msalaba urudi kwenye mraba ulioanzia. Ugonge bomba kwa kiganja, angalia tena. Ukiruka, basi hiyo ni marehemu, zika.

Ya kununua sasa. Wewe unafuata mbogo vichakani, risasi zako nyingi ni chini ya mita 100 na zile za hatari ni chini ya 30. Ukiwa na 6 kama namba ya chini kabisa, mbogo wa mita 20 atakujazia darubini nzima ngozi nyeusi, hujui ni bega au ni tako. Unataka 1-4, 1.5-5 au 1-6, lenzi ya mbele 20 au 24, bomba linyooke moja kwa moja mbele. Leupold wana za namna hiyo, ile 1.5-5x20 yao ya VX-3 iko chini ya gramu 300 na zilizotumika zinapatikana. Mwenye hela Swarovski au Schmidt & Bender, ingawa hizo ni nzito zaidi kidogo. Mfuko ukiwa mwembamba kabisa, chukua isiyo na zumu, ya 2.5 au 4, ya kampuni yenye jina, hata ya zamani, itaizika hiyo 6-24 na mwenye kuiuza. Mtu atakwambia bomba la milimita 30 ni gumu kuliko la inchi moja, usisumbuke nalo, kazi yake kubwa ni kuongeza nafasi ya kliki.

Nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na darubini, usiende chini ya sentimita 9, mimi napenda 10. Huku kwetu waliopasuliwa na darubini wakaona mwezi mwandamo kwenye nyusi zao wenyewe wapo wengi tu, kovu halifutiki. Na upime ukiwa umesimama, umevaa koti la kazini, sio umekaa kwenye kiti cha dukani. Kuna wanaokwepa teke kwa kuiegemeza bunduki kwenye tairi la gari au kuifunga na mifuko ya mchanga isisogee kabisa, nao wananiletea vitako vilivyopasuka, kwa sababu lile teke lazima liende mahali.

Chukua na ringi za kufungua kwa mkono, kwa sababu darubini yoyote ile inaweza kufa, hata ya mamilioni, na siku hiyo unaitoa unabaki na saiti za chuma. Hakikisha zako bado zipo na zimewekwa ziro, yaani zinapiga pale unapolenga. Maana ninaowaonea huruma kwenye hii biashara ya stika za shokiprufu sio wanunuzi, ni wasaka nyayo. Mteja anapiga, risasi inaangukia tumboni, anasema darubini imehama, sawa, lakini anayetangulia kuingia kwenye kichaka kufuata damu ni yule mwenye fimbo. Muuzaji huyo hayupo. Yupo mjini anamwonyesha mtu mwingine mnara. Na siku hizi wamehamia kwenye feki za majina makubwa, boksi zuri, nembo ya dhahabu, kitambaa cha kufutia, wanaziuza nusu ya nusu ya bei. Namba ya utambulisho iliyochongwa kwenye bomba unaweza kuiandikia kampuni yenyewe ukauliza kama ni yao, ni barua pepe moja. Muuzaji akianza kukuharakisha wakati unaandika namba, muage.

Ile ya msalaba uliolala usiitupe. Ukipita Arusha niletee niifungue mbele yako, uone hiyo springi kwa macho yako. Njoo na bunduki na ringi zako zote, huo mpira urudishe kwenye baiskeli.