Bwana yangu askari amerudi toka vitani, usiku anapiga kelele

Mama, unasema bwana yako amerudi Bukavu tangu miezi mitatu, usiku anaruka kitandani na mara moja amekukaba shingo. Huo si uchawi wala ubaya wa roho. Dalili kama hizo zikipita mwezi mmoja, kuna uwezekano mkubwa ni ugonjwa wa kiwewe: ubongo wake bado unalinda zamu.

Usimtikise akiota. Simama upande wa miguu, mbali na mikono yake, washa tochi, mwite kwa jina, mwambie: «Uko nyumbani, Bukavu, ni mimi.» Akiamka, akanyage sakafu, anawe maji baridi, ataje vitu vitano anavyoviona. Kama ana silaha nyumbani, hilo litangulie yote: itoke, irudi kikosini.

Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kununua famasi bila daktari isikudanganye. Inalaza, haiponyi, na mwili unaizoea haraka. Kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, nayo inavunja usingizi. Lakini kama anakunywa kanyanga kila siku, asiache ghafla, anaweza kupata degedege.

Mpeleke SOSAME, hospitali ya afya ya akili hapo Bukavu. Tiba yenyewe ni mazungumzo: anasimulia maisha yake kwa mpangilio, pamoja na vita, kwa vikao kadhaa, mpaka kumbukumbu ikae mahali pake. Wiki za kwanza ndoto zinaweza kuongezeka, na hapo ndipo wengi wanakimbia. Akipewa sertralini, dawa ya kiwewe, subiri wiki 4 hadi 6 ianze kufanya kazi.

Akitaja kujiua, msingoje kesho.