Skrini ya bluu ukiweka XP kando ya Windows 10

Mkuu, kosa la 0x0000007B linalokutokea ukiweka Windows XP kwa ajili ya printa yako ya zamani halimaanishi diski imekufa. CD ya XP haina draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya AHCI, yaani namna mpya ya kompyuta kuzungumza na diski, ndiyo maana inakwama kwenye diski iliyounganishwa kwa SATA. Ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka), tafuta SATA Mode, toa AHCI weka IDE, namna ya zamani; mashine nyingine huandika Compatibility. Tatizo, Windows 10 iliyowekwa kwa AHCI kwa kawaida itagoma kuwaka mpaka urudishe AHCI. Kwa hiyo ni heri uingize draiva kwenye CD yenyewe kwa nLite, programu ya kutengenezea CD mpya ya XP.

Kabla ya kugusa patisheni (sehemu diski ilizogawanywa), nakili mafaili yako nje. Kisha punguza patisheni ya C kwa Disk Management ya Windows. GB 20 zinaitosha XP. Ila diski ikiwa GPT (mfumo mpya wa kupanga patisheni), achana na mpango huu: XP ya biti 32 haiwaki humo, na kuigeuza MBR (mfumo wa zamani) kwa amri ya diskpart kunataka ufute patisheni zote.

XP pia itaharibu mpangilio wa kuwaka wa Windows 10, basi andaa flashi ya kurekebishia. Binafsi ningejaribu VirtualBox kwanza, programu ya kuendesha XP ndani ya Windows 10, printa ikiwa ya USB.

Diski ikianza kugonga tik-tik, zima, mpelekee fundi wa kuokoa data.