Usiniambie wimbo ni mkali, niambie umekukamata wapi

Mwaka 2012 niliwapa watu kumi na wawili nyimbo zangu nane wazisikilize kabla sijazitoa. Nilikuwa nimerekodi studio moja hapa Mbeya kwa fedha ya viazi, mavuno ya msimu mzima kutoka shamba la mama upande wa Uporoto. Niliwachagua watu ninaowaamini: dada zangu wa kwaya, jirani, mwalimu mmoja, vijana wawili wa Kabwe. Wote walinipa jibu moja. "Ngoma kali." "Dada umeua." "Hapa hakuna cha kurekebisha." Nikatoa nakala 200. Miezi sita baadaye nyingi zilikuwa bado kwenye boksi chini ya kitanda, na sikujua kasoro iko wapi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia neno ninaloweza kulishika mkononi.

Aliyenizibua masikio ni fundi redio mmoja wa Mwanjelwa. Nilimpelekea spika iliyokuwa inakoroma, nikamwachia na CD yangu moja ya kuijaribia. Niliporudi jioni alikuwa ameshaisikiliza yote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wimbo huu wa tatu, ubeti wa pili, unaimba habari gani?"

Nikamweleza kwamba ni mwanamke anayemsubiri mumewe, dereva wa lori la masafa, aliyeaga kuelekea Tunduma na hajarudi. Mstari wenyewe ulikuwa unasema, "Imemchukua barabara, mume wangu hajarudi."

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani ni pombe. Nilidhani unasema pombe imemchukua, tena imemchukua sawasawa."

Akaniimbia mstari wangu mwenyewe, polepole, nami nikasikia. Neno barabara la njia mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu mengi ya Kiswahili: ba-ra-BA-ra. Ukiurudisha mkazo nyuma silabi moja, ba-RA-ba-ra, umekwishasema neno lingine, lenye maana ya sawasawa. Noti yangu ndefu, ile niliyoivuta kwa uchungu wote wa yule mwanamke, nilikuwa nimeiweka kwenye ile RA ya kwanza. Moyo wa wimbo wote ulikuwa umekalia neno lisilo lake. Watu kumi na wawili walisikia mstari ule, na labda baadhi yao ulikuwa umewakwaruza mahali fulani bila wao kujua ni wapi, wakaniambia nimeua.

Ndiyo maana naandika haya. Kama unapenda muziki na unapenda watu wanaoutengeneza, ukiulizwa maoni taja mahali. Ubeti wa ngapi, neno gani, sekunde ya ngapi kama unaitazama kwenye simu. Halafu sema kilichokupata ulipofika pale. "Hapa nilisahau nilichokuwa nafanya." "Hapa sikusikia neno, ngoma imelimeza." "Kiitikio kiliporudi mara ya nne nilikuwa nimeshaanza kufikiria mambo ya nyumbani." Maneno ya namna hii hayahitaji usomi wa muziki. Yule mzee hasomi noti hata moja. Alichokuwa nacho ni uvumilivu wa kusikiliza mpaka mwisho na ukarimu wa kuniambia alichosikia hasa.

Na sifa nayo ipewe mahali pake. Mwimbaji akiambiwa "wimbo mzuri" hajui arudie nini kesho. Ukimwambia "pale sauti ya tatu ilipoingia peke yake kabla ya wengine, mwili ulisisimka", umempa kitu cha kwenda nacho studio.

Duka la yule mzee ndilo likawa kijiwe chetu. Kila Jumamosi baada ya saa kumi jioni tunafika watu saba, nane, siku nyingine kumi na tano tukijibana kwenye mabenchi mawili katikati ya maredio yaliyofunguliwa matumbo. Mwenye wimbo mpya anauleta kwenye flashi. Wengine hawaimbi kabisa, wanapenda kusikiliza tu, na kwa maoni yangu hao ndio nguzo. Mzee alikuwa mtu wa salamu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Wenye umri wangu mtakumbuka kadi za salamu: unaandika majina ya unaowasalimia na wimbo unaoutaka, unatuma, halafu unakaa na redio wiki na wiki ukisubiri jina lako lisomwe. Watu ambao hawajawahi kuonana walijuana kwa majina na mahali wanapoishi, wakaunda vilabu, wakatembeleana, wakazikana. Mzee anasema ule undugu uliwezekana kwa sababu kila aliyesema alikuwa na jina na mahali anapotoka. Ukitoa maneno machafu, kilabu chako kizima kinaaibika.

Tumeibeba desturi hiyo. Hapa kwetu anayetoa maoni anaanza kwa kujitambulisha na kusema aliusikilizia wimbo wapi na kwa kifaa gani. Mgeni huona ni urasimu, lakini ina sababu. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi ya chini. Mtu akisema "besi haipo" na alisikiliza kwa simu juu ya meza, tunajua shida si wimbo. Mwingine aliusikia ndani ya bajaji yenye spika kubwa ya nyuma, kwake besi imefunika maneno yote. Wote wawili wamesema kweli. Mwenye wimbo sasa anajua kwamba miksi yake inataka kusikilizwa sehemu tatu nne kabla ya kutoka: redio ya nyumbani, simu, gari, na masikioni.

Tunausikiliza wimbo mara mbili. Mara ya kwanza hakuna anayefungua mdomo, hata kwa kuguna. Mara ya pili unaruhusiwa kunyoosha kidole unapotaka kusema kitu, tunaandika dakika na kuendelea. Anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote, na mzee anamaliza. Tulifika hapo baada ya kuona kwamba mzee akitangulia, vijana wote wanamfuata kama kondoo, na kile walichokisikia wao wenyewe kinapotea. Na masikio ya vijana yanasikia vitu ambavyo yetu yamekwisha kuviacha.

Kuna Jumamosi moja bado inaniuma. Kijana wa Ilemi alileta wimbo wake wa kwanza. Sauti yake ilikuwa safi, ila lafudhi ya Kinyakyusa ilikuwa wazi, r nyingi zinatoka kama l. Mmoja wetu akaanza kumwigiza. Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza kikao siku ile na nilinyamaza, nikijiambia ni utani wa kawaida, utapita. Kijana akatoa flashi yake, akasema "haya, asanteni," akaondoka. Wiki iliyofuata nilimfuata kwao. Mama yake alinipokea kwa heshima zote, "ugonile", akanipa kiti na chai, kijana akatoka akanisalimia vizuri, lakini kijiweni hakurudi tena.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayekusanya wasikilizaji, iwe ni kijiwe, kwaya au kundi la simu: siku mtu anapodhihakiwa, sema palepale, mbele ya watu, kabla kicheko hakijaisha. Ukisubiri kumwita mkosaji pembeni baadaye, aliyeumizwa hatajua kwamba ulimtetea. Atakachokumbuka ni kimya chako. Neno la kukosoa liguse wimbo, lisiguse kabila la mtu, sura yake wala kanisa lake. Nilipaswa kuwaambia pia kwamba lafudhi ya nyumbani ndani ya wimbo mara nyingi ni mali. Watu wa nje wanautambua wimbo wa kwetu kwa kitu hichohicho tunachokionea aibu.

Mambo ya ladha nayo yanagombanisha watu sana. Mmoja hataki kusikia singeli, mwingine anaona dansi ni muziki wa kulalia. Hapo tunaombana kitu kimoja: upime wimbo kwa kile ulichokusudia kuwa. Usiulaumu wimbo wa kucheza harusini kwamba hauna mafunzo, wala wimbo wa msibani kwamba haunyanyui mtu kitini. Mzee huwa anatukumbusha Tancut Almasi, ile bendi ya Iringa iliyobeba jina la kiwanda cha kukata almasi, iliyokuwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Aliwahi kuwatazama ukumbini miaka ya themanini. Anasema kwenye dansi hakuna aliyehitaji kuandikiwa maoni. Wimbo ukianza na watu wakabaki vitini, bendi nzima imeshasoma. Ukifika sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, na vumbi likatimka, nayo wameisoma. Mahali palikuwa panajitaja penyewe.

Wakati mwingine msikilizaji anapatia mahali lakini anakosea dawa, na hili mwimbaji alijue mapema. Wimbo wangu mmoja watu watatu, kwa siku tofauti, waliniambia kwenye kiitikio sauti yangu ni dhaifu, nijifunze kuimba kwa nguvu. Niliumia, nikafanya mazoezi ya pumzi miezi miwili, hakuna kilichobadilika. Hatimaye prodyuza akazima kinanda kwenye kiitikio kile na sauti yangu ikatokea yote. Kinanda kilikuwa kinapiga kwenye kimo kilekile cha sauti yangu, tunagombea mlango mmoja. Wale watatu hawakujua sababu, lakini mahali walipanyooshea kidole palikuwa pale hasa. Tangu hapo, watu watatu wasioambiana wakitaja sehemu moja, narudi kwenye sehemu hiyo bila kubishana. Dawa naitafuta mwenyewe.

Kingine cha kumshauri mwimbaji: usijibu siku hiyohiyo. Sema asante, "ndaga fijo" kama uko Tukuyu, andika kwenye daftari, nenda ukalale. Ukianza kujitetea ("pale tulikuwa hatuna muda", "studio ilikatika umeme") unawafundisha watu kwamba kukuambia ukweli ni kazi nzito. Wataacha. Watarudi kwenye "dada umeua", na utabaki na boksi chini ya kitanda.

Nimeona pia jinsi msikilizaji mmoja makini anavyoweza kuokoa kazi ya kundi zima. Mwezi wa Julai mwaka mmoja kwaya yetu ilialikwa Makete. Wanaoijua Makete wanaujua ule ubaridi. Mpiga gitaa wetu aliliweka sawa nje, asubuhi, pumzi zikitoka kama moshi. Tukaingia kanisani, watu wamejaa, madirisha yamefungwa, joto likapanda. Wimbo wa kwanza ulikwenda, wa pili ukalegea, wa tatu hata watoto waligeuka kututazama. Sisi tuliokuwa mbele tukalaumiana kwa macho, kila mmoja akidhani sauti ya pili wamepotea. Baada ya ibada mama mmoja mzee akaja taratibu, akasema, "Wanangu, mmeimba vizuri. Ila gitaa lilikuwa linashuka, kinanda kimebaki juu." Waya za gitaa zikipata baridi hukaza na sauti kupanda, zikipata joto hulegea na sauti kushuka. Kinanda cha umeme hakijali hali ya hewa. Gitaa likiwekwa sawa kwenye baridi halafu likaingia penye joto, ni lazima liachane na kinanda. Sasa tukienda Makete, Njombe au Kitulo, gitaa linaingia ndani nusu saa kabla na linawekwa sawa palepale, na linaangaliwa tena kati ya wimbo na wimbo. Yule mama hakuniambia mambo ya waya na joto. Alisema kitu gani kilishuka na kitu gani kilibaki, na kwa mpiga gitaa wetu hiyo ilitosha.

Jumamosi iliyopita binti mmoja wa Uyole alituletea wimbo wa Kinyakyusa, sauti yake na ngoma peke yake, hakuna kinanda. Mara ya kwanza tulisikiliza kimya. Tulipourudia, ubeti wa pili ulikuwa haujafika nusu mvua ikaangukia bati la duka, ile mvua yetu ya Machi isiyosikilizana na mtu. Kijana mdogo kuliko wote alikuwa ameshanyoosha kidole. Mzee akauzima wimbo, akamwambia binti, "Subiri mwanangu, hapa tutakuonea." Tukakaa karibu saa nzima tunatazama maji yakipita mbele ya mlango, kidole cha kijana kikiwa juu ya daftari, kwenye ile dakika aliyoiandika. Mvua ilipokatika tukaurudisha mwanzo.