Chupa ya Ivomec imebadilika jina, ni feki?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi nafuga ng'ombe wawili wa maziwa hapa Goba. Marehemu baba alikuwa anawachoma Ivomec, ile sindano ya minyoo, na chupa zake bado ziko stoo, zimeandikwa Merial. Sasa juzi nimeenda Kariakoo nikapewa Ivomec imeandikwa Boehringer Ingelheim, namuuliza muuzaji mbona kampuni siyo yenyewe ananijibu "mama we chukua tu", nikaiacha. Ni feki? Na hiyo Merial imepotelea wapi? – Mama Neema, Goba

JIBU: Marahaba Mama Neema. Jina hilo peke yake haliifanyi dawa kuwa feki, Merial haikufilisika, iliolewa, ndo maana imebadilisha jina. Ngoja nikupe ukoo wake maana una mambo.

Dawa yenyewe imetoka kwenye udongo, kweli kabisa. Miaka ya 70 Mjapani Satoshi Ōmura alichota udongo karibu na uwanja wa gofu kule Kawana, bakteria waliopatikana humo wakapelekwa Marekani kwenye kampuni ya Merck, William Campbell na wenzake wakagundua wanatoa kitu kinachoua minyoo vibaya mno, wakakiboresha ikawa ivermektini, ndiyo dawa iliyomo kwenye Ivomec yako, na mwaka 1981 ikaingia sokoni kwa ajili ya mifugo. Wafugaji waliipenda kwa sababu sindano moja ndogo chini ya ngozi inaua minyoo ya tumboni pamoja na chawa na wadudu wa ukurutu, na minyoo haina nchi, ya Brazil na ya Goba shida ni ileile, kwa hiyo dawa ikatembea dunia nzima. Na wewe mwenyewe huenda umeshaimeza! Mwaka 1987 Merck walitangaza kuitoa bure kwa watu wenye usubi, ugonjwa ambao wenzetu wa Mahenge wanaujua vizuri, na baadaye ikaingia kwenye zile kingatiba za matende na mabusha zilizokuwa zinagawiwa hapa Dar. Ōmura na Campbell wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Sasa ndoa. Kule Lyon, Ufaransa, kulikuwa na familia ya Mérieux, baba mtu Marcel alifungua maabara mwaka 1897 na mwanae Charles akaanzisha mwaka 1947 taasisi ya kutengeneza chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Upande wao wa mifugo ulikuja kuwa chini ya Rhône-Poulenc, kampuni kubwa ya Ufaransa ya dawa na kemikali, na mwaka 1997 hao na Merck wakaunganisha vitengo vyao vya mifugo, huyu ana dawa huyu ana chanjo, ndo ikazaliwa Merial, hata jina ni Merck na Mérieux wamebananishwa humo. Mwaka 2009 Merck walikuwa wanainunua kampuni nyingine yenye kitengo kikubwa cha mifugo, wasingeruhusiwa kushika zote mbili, wakawauzia nusu yao Sanofi, Wafaransa waliokuwa wamerithi ile nusu ya Rhône-Poulenc, kwa dola bilioni 4.

Alafu Januari 2017 ikafanyika biashara kama ya kubadilishana simu pale Kariakoo, unatoa yako na hela juu. Boehringer Ingelheim, kampuni ya familia ya Kijerumani iliyoanza mwaka 1885 na wafanyakazi 28, iliwapa Sanofi biashara yake ya dawa za kawaida za dukani ikaongeza euro bilioni 4.7, ikachukua Merial nzima. Ivomec ikahama na lebo.

Lakini mama, feki zipo na zinaandikwa jina zuri tu, kwa hiyo angalia kifuniko kama hakijaguswa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na duka liwe na kibali cha TMDA, ile Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muuzaji anayekwambia "chukua tu" mi pia ningemwachia. Zile chupa za baba zitoe stoo, usimchome mtu yeyote, namaanisha ng'ombe yeyote. Na kubwa ambalo hukuliuliza: sindano ya Ivomec siyo ya ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kunywa watu, dawa inatoka kwenye maziwa siku nyingi. Kama wako wanakamuliwa sasa hivi, muone mtaalamu wa mifugo wa kata akupe inayofaa.

SWALI: Kwani sisi hatutengenezi chochote, kila kitu cha Wazungu? – Kijana wa Chanika, nina kuku 200

JIBU: Tunatengeneza kijana. TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wana kiwanda cha chanjo pale Kibaha, chanjo yao ya mdondo inaitwa TEMEVAC, unadondoshea kuku tone moja jichoni, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingi. Kama hao 200 hawajachanjwa, acha kusoma gazeti uende.