Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Kutazama Riwaya Jukwaani

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapokolea na joto la kaskazi kutanda, shule za Mombasa hupokea barua za vikundi vya waigizaji wanaozunguka nchini na michezo iliyotokana na vitabu teule. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na michezo hiyo nimeipokea katika ukumbi wa shule, na vilevile nimewavusha wanafunzi kwa feri ya Likoni asubuhi na mapema wakaitazame kisiwani. Ninawaandikia walimu wenzangu, pamoja na wazazi wanaoombwa kulipa kiingilio, kwa sababu mara ya kwanza nilikosea, na kosa langu likawapotezea wanafunzi alama.

Riwaya ilikuwa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996. Msimulizi wake ni Kongowea Mswahili, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji taarabu wa Tanga. Baada ya kufiwa na mama, kijana huyo anaingia Kenya kumtafuta baba yake hadi Kitale. Wanafunzi wangu hawakuwa wamefika hata nusu ya kitabu, nami nilidhani mchezo ungewatia hamu ya kukimaliza. Walirudi wakiamini kwamba wamekwisha kukijua, na wengi hawakukifungua tena.

Madhara yalionekana katika mtihani wa majaribio. Mchezo wa saa mbili hauwezi kubeba riwaya nzima, kwa hiyo kikundi kilikuwa kimekata matukio na kumpa mwigizaji mmoja wahusika wawili, akivaa koti ni huyu, akilivua ni yule, tena kilikuwa kimembuni bawabu mcheshi ili watazamaji wapumue baina ya matukio mazito. Wanafunzi saba walimjadili bawabu huyo katika swali la wahusika. Wengine walinukuu maneno ya jukwaani kana kwamba ni ya mwandishi. Anayeifahamu Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, yaani ya fasihi, katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ambamo mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja, anajua kwamba dondoo hutolewa katika kitabu chenyewe, na mtahini hana habari ya bawabu yeyote.

Waigizaji siwalaumu, kwa kuwa kuigeuza riwaya iwe mchezo ni kuiandika upya kwa nyenzo nyingine. Siku Njema imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, yaani yote tunayoyajua yametoka kinywani mwa Kongowea, na uchungu wake tunausoma kutoka ndani. Jukwaani Kongowea anakuwa mtu mmoja miongoni mwa watu, tunayemwona kwa nje kama tunavyomwona jirani. Kikundi kile kilijaribu kuziba pengo hilo kwa kumweka Kongowea mtu mzima pembeni, akisimulia huku mtoto akiigiza katikati, na kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa mzuri, ingawa baada ya robo saa msimulizi alianza kuachwa na mwendo wa mchezo. Kwa upande mwingine, kuna jambo ambalo kitabu hakingeweza kutupa kamwe. Wanafunzi wangu, ambao Kongowea kwao ni soko lililo ng'ambo ya Daraja la Nyali, walicheka jina hilo lilipotajwa mara ya kwanza; lakini Zainabu alipoanza kuimba, watoto hao waliolelewa na taarabu katika harusi za nyumbani kwao walinyamaza wote. Kitabuni tunasimuliwa sifa za sauti yake. Pale tuliisikia.

Kwa sababu hiyo sikuacha kuwapeleka, bali nilibadilisha utaratibu. Darasa humaliza kitabu kizima kwanza, bila hiari katika hilo. Kabla sijakusanya pesa hata kidogo, hukiuliza kikundi ni sura zipi zimeachwa, ni wahusika gani wameunganishwa, na nani ameongezwa. Kikundi makini huwa na majibu tayari, na kinachosema kwamba kitabu chote kimo hukikataa. Wakati wa mchezo hakuna kuandika. Kesho yake kila kundi huleta tukio moja lililoachwa na kueleza riwaya imepungukiwa na nini, kisha huleta jambo moja walilolishuku na kulitafuta kitabuni.

Kuhusu ukumbi, mchezo na uwe asubuhi, kwa kuwa mchana joto hulazimisha mapangaboi yazungushwe kwa kasi na sauti za waigizaji zisizo na vipaza sauti humezwa. Ijumaa mchana kuna sala, basi siku hiyo iepukwe. Waombe waigizaji wabaki nusu saa kujibu maswali, na liandikwe katika makubaliano.

Mwaka uliofuata kikundi kilekile kilirudi na mchezo uleule, na darasa langu jipya lilikuwa limekisoma kitabu. Katika nusu saa ile msichana mmoja alisimama, akamwamkia mwigizaji aliyekuwa Zainabu, akamuuliza beti mbili za mwisho za wimbo wake zimetoka ukurasa upi, maana alizitafuta moyoni wakati wote akizisikia asizikumbuke. Mwigizaji alimjibu kwamba walizitunga wenyewe njiani wakija Mombasa. Msichana aliketi, akafungua daftari, akaandika: beti za kikundi, hazimo kitabuni, lakini zinamfaa Zainabu.