Maswali ya Jikoni: Jibini laini ya mtindi na vya kuweka juu yake

Toleo lililopita tulitaja jibini laini ya mtindi, yaani mtindi uliochujwa maji, ile wanayoiita labne kule Sham (Syria, Lebanoni na jirani zake) na Ghuba, kuwa ni chakula chepesi cha kumtangulizia mgeni kabla ya sinia kubwa. Haya ndiyo mliyotuuliza.

*Shikamooni. Nilimwaga mtindi wa dukani kwenye kitambaa, nikauacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi nakuta maji vijiko viwili tu, na mtindi uko vilevile. Nimekosea wapi?* (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Kitambaa chako hakina kosa, soma maandishi ya kopo. Ukikuta wanga, jelatini au pektini, hivyo vimewekwa makusudi vishike maji yasijitenge, na hata ukichuja siku mbili havitaachia. Tafuta mtindi uliotengenezwa kwa maziwa na bakteria peke yake, au utengeneze mwenyewe, nasi tunapendelea hili la pili.

Chukua lita 2 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Yaache yapande mara moja, kisha punguza moto na uyaweke karibu na kuchemka kwa dakika 10 huku ukikoroga yasishike chini. Usiziruke dakika hizo: joto hilo ndilo linalofanya protini zilizokuwa zitoke na maji zishikamane na zile zinazoganda, na mtindi unakuwa mzito. Yapoze hadi nyuzi 43 hivi. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kidole kisafi. Ukiweza kuhesabu hadi kumi kwa taabu kidogo, yako tayari. Yakiwa ya moto sana utaua mbegu, yaani bakteria wa mtindi utakaotia, yakipoa sana yatachelewa kuganda na yatakuwa na ute.

Koroga vijiko vikubwa 4 vya mtindi mzima wenye bakteria hai ndani ya kikombe kimoja cha maziwa hayo, rudisha kwenye sufuria, changanya mara moja tu, funika na uvingirishe blanketi, au mimina kwenye hotipoti. Saa 6 hadi 8 bila kutikisa. Ukishaganda uweke kwenye friji saa 4 kabla ya kuchuja, kwa sababu mtindi wa vuguvugu hupenya kitambaa na kuondoka na maji.

Sasa changanya chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mimina kwenye kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara mbili juu ya chujio, na chujio lining'inie juu ya bakuli refu. Kitako cha chujio kikigusa maji yaliyotoka, kazi inasimama hapo. Kitambaa kiwe kimefuliwa kwa maji moto bila sabuni ya manukato, maana mafuta ya maziwa hunyonya harufu, na utaila hiyo harufu. Chujia ndani ya friji, si kwenye msumari wa jikoni: kwenye joto la Pwani bakteria wanaendelea na kazi, na kufikia asubuhi jibini itakuwa kali kama ndimu. Saa 12 zinakupa ya kupaka, saa 24 inasimama kwenye kijiko, saa 48 unaweza kuviringisha madonge. Lita 2 hutoa takriban robo tatu ya kilo kwa saa 24.

*Niliweka vipande vya nanasi la Kiwangwa juu ya jibini nikaifunika kwa ajili ya jioni. Wageni walipofika ilikuwa chungu na imelegea. Nanasi lilikuwa tamu kabisa!* (Msomaji, Bagamoyo)

Utamu wa nanasi haukuwa tatizo. Nanasi lisilopikwa, hata likiwa limeiva, lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini kinachokata protini vipande vidogovidogo, na vipande hivyo ndivyo vichungu. Ndicho hichohicho kinachochoma ulimi ukila nanasi jingi. Kiwi ina cha kwake, na papai bichi lina papaini, ile inayolainisha nyama. Papai lililoiva halina nguvu hiyo sana, lakini nalo liwekwe mezani, si mchana kwa ajili ya usiku.

Ukilitaka nanasi, likate vipande vidogo, likaange bila mafuta dakika 5 hadi likauke na kubadilika rangi pembeni, lipoe kabisa, ndipo uliweke. Joto humaliza kimeng'enya. Embe, pasheni, parachichi na komamanga havina shida hiyo.

*Kuna ukweli kwamba jibini hii inasaidia tumbo, au ni maneno ya biashara? Huku Muscat zinauzwa tayari makopo kwa makopo.* (Msomaji, Muscat)

Kuna ukweli, na kuna kutiliwa chumvi. Lenye uhakika ni hili: bakteria hai wa mtindi humsaidia asiyepatana na sukari ya maziwa kuimeng'enya, na sehemu ya sukari hiyo huondoka na maji unapochuja. Madai mengine hutegemea aina mahususi ya bakteria, kwa hiyo kopo linaloahidi kila kitu lisikubabaishe. Angalia kama limeandikwa kuwa bakteria wake ni hai. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda ili ukae nje ya friji hauna aliyebaki. Hali kadhalika ukiipaka jibini yako juu ya mkate na kuutia ovenini: utamu upo, bakteria hawapo.

Vya kuweka juu navyo vina kazi yake, kwa kuwa nyuzinyuzi za mboga, hasa za kitunguu na kitunguu saumu, ni chakula cha bakteria waliomo tumboni tayari. Ila kama vitunguu hukujaza gesi, usijilazimishe. Tumia majani mabichi ya kitunguu tu.

*Achari yetu ya siki inafaa kuwekwa juu? Nasikia ya chumvi ni bora kwa tumbo.* (Msomaji, Mombasa)

Ya siki inafaa kwa ladha. Kwa tumbo, ile ya chumvi iliyojichachukia yenyewe ndiyo yenye bakteria hai, na kwa jibini hii tunaipenda ya karoti kwa sababu haitoi maji mengi.

Kwaruza nusu kilo ya karoti. Pima chumvi gramu 10, yaani asilimia 2 ya uzito. Pima kwa mizani, kwani kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havilingani. Ongeza tangawizi ya kidole kimoja na pilipili mbuzi moja. Finyanga kwa mikono safi hadi maji yatoke, shindilia kwenye chupa ya kioo, na ukandamize hadi karoti zote zizame ndani ya maji yake. Uzi unaochungulia nje ndio unaoota ukungu. Acha nafasi ya vidole viwili juu, funga bila kukaza, na kila siku fungua gesi itoke kisha ushindilie tena. Mombasa siku 3 zinatosha. Njombe wakati wa baridi ngoja wiki. Ikishakuwa chachu unavyotaka, iweke kwenye friji.

Utando mweupe, bapa, usio na manyoya ni hamira ya hewani tu, uengue. Ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au waridi, mwaga chupa nzima, usiokoe ya chini. Karoti zikiwa na ute au zimelegea, mara nyingi chumvi ilikuwa ndogo. Na usiongeze siki mwanzoni "kwa usalama", utawazuia haohao unaowataka. Kabla ya kuipanga juu ya jibini, ikamue kiganjani.

*Sahani yangu hujaa maji kabla wageni hawajamaliza salamu.* (Msomaji, Zanzibar)

Ni matango na nyanya, dada. Chumvi ya jibini huyavuta maji yake. Toa mbegu, kata vidogo, nyunyizia chumvi kidogo, acha dakika 15 kwenye chujio, kisha kausha kwa kitambaa.

Kwa watu wanane, tandaza gramu 300 za jibini kwenye sahani bapa na uchore mfereji kwa mgongo wa kijiko. Tia vijiko viwili vya mafuta ya zeituni mferejini, halafu tango, konzi ya karoti chachu, giligilani na nanaa iliyokatwa dakika ileile, bizari nyembamba iliyokaangwa na kutwangwa, na ufuta. Basi. Vikizidi hapo hakuna anayeionja jibini. Wewe uko Zanzibar, mkate wa ufuta uko mlangoni, usihangaike na biskuti. Isikae nje zaidi ya saa 2, na mchana wa jua kali, saa 1.

*Maziwa mabichi ya jirani je? Mke wangu ni mjamzito.* (Msomaji, Eldoret)

Yachemshe kama tulivyoeleza juu, bila kufupisha. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya magonjwa, vile vya bruselosisi na listeria, na kugandisha mtindi hakuviui kwa uhakika. Kwa yeye, karoti chachu za nyumbani zisubiri hadi amuulize mkunga.

*Naweza kuyahifadhi madonge kwenye mafuta?* (Msomaji, Tanga)

Ndiyo, yakiwa yamechujwa saa 48 na kukaushwa juu ya kitambaa kwa usiku mmoja zaidi, yote ndani ya friji. Yafunike kabisa kwa mafuta ya zeituni na yakae humohumo kwenye friji. Mafuta yakiganda, yatoe dakika 20 kabla ya kula. Tia pilipili kavu au ufuta. Kitunguu saumu kibichi usikitie chupani: ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo ndipo vijidudu vya botulini hutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha. Kisugue kwenye mkate wakati wa kula.