Tamthilia Hupimwa Jumatatu, si Ijumaa

Ujumbe uliofika wiki hii kutoka Nyalenda, Kisumu, ulikuwa mfupi na mkali: "Wewe kila msimu unaziponda tamthilia zetu halafu unazisifu za Waturuki. Kama unajua sana, tuambie basi unazipimaje."

Haya, dadangu. Kuitwa msaliti wa sanaa ya nyumbani si jambo geni katika ukurasa huu, ingawa huuma zaidi likitoka kwa mtu aliyeisoma makala yote. Swali lako lakini ni halali, na jibu lake ni fupi. Tazama Jumatatu.

Tamthilia ya kila siku kwenye runinga ya Kenya imebanwa mahali pembamba. Saa moja jioni ni habari za Kiswahili, saa tatu usiku ni habari za Kiingereza, na hapo katikati ndipo vituo hugombania macho yetu kwa hadithi. Nafasi ya nusu saa, ukiondoa matangazo, hubaki dakika 22 hivi. Mara tano kwa wiki ni dakika 110, urefu wa filamu nzima, na wiki ijayo inatakiwa nyingine. Hakuna kundi la waandishi linaloweza kuzijaza dakika hizo zote kwa utamu mmoja, kwa hiyo Ijumaa hutiwa chumvi na Jumanne huongezwa maji. Bastola inatolewa, bahasha ya vipimo vya DNA inafunguliwa, muziki unapanda, sura ya mama mkwe inaganda kwenye skrini. Mtu yeyote anaweza kuiandika Ijumaa ya namna hiyo. Jumatatu ndiyo ngumu, kwa sababu ndiyo siku ya kulipa deni lililokopwa Ijumaa.

Jumatatu ya uongo utaitambua mapema. Taharuki yote iliyokunyima raha Jumamosi na Jumapili inamalizwa ndani ya dakika mbili za kwanza, tena kwa bahati: risasi ilipita kando, bahasha ilikuwa ya mgonjwa mwingine, ilikuwa ndoto, aliyebisha hodi alikuwa jirani anayeomba sukari. Baada ya hapo kila mtu anarudi alikokuwa Alhamisi. Jumatatu ya kweli humwacha angalau mhusika mmoja mahali ambapo hawezi kurudi nyuma: siri imemfikia mtu aliyestahili kufichwa, kazi imepotea, mtoto amesikia.

Fanya hivi. Ijumaa, matangazo yakianza, andika kwenye daftari njia tatu ambazo unadhani mambo yatatatuliwa. Tatu, si moja. Ukiandika moja utakuwa unabahatisha tu. Jumatatu linganisha. Ikitokea ile uliyoiandika kwanza, mwandishi anatembea njia ambayo hata wewe unaijua, basi mpe nusu ya alama. Isipotokea hata moja kati ya zako, rudisha kumbukumbu uone kama kulikuwa na dokezo mapema: funguo zilizoonyeshwa mezani Jumatano, jina lililotajwa mara moja likasahaulika. Dokezo likiwepo, umekutana na mwandishi anayeijua kazi yake, mvulie kofia. Lisipokuwepo, umedanganywa. Tazama Jumatatu tatu. Mbili zikiwa za uongo, badilisha stesheni na usijute.

Usianze kuhesabu na sehemu ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyopewa muda na fedha kuliko zote. Ndiyo iliyouza tamthilia kwa wakubwa wa kituo. Anza na ya pili, maana hapo ndipo kiwanda huanza kwenda kwa kasi yake ya kawaida, na utaiona tofauti hata kwenye taa.

Kwa siku za katikati, gawa ukurasa wa daftari katika safu tatu: kipya, aliyebadilika, kilichorudiwa. Dakika 22 hubeba maonyesho 12 hadi 15 hivi. Kila onyesho linalokupa jambo usilolijua, weka mstari kwenye safu ya kwanza. Mistari minane au zaidi, hiyo ni sehemu iliyoshiba. Mitano, inapita. Chini ya minne kwa siku mbili mfululizo, unavutwa kama chingamu. Kuvuta kwenyewe kuna mbinu zake, na ukishazijua huwezi tena kutoziona. Ya kwanza ni mhusika kumsimulia mwenzake kitu ambacho sisi tulikiona jana. Inayoikaribia ni simu: mtu mmoja, chumba kimoja, "ati nini? lini? usiniambie!", kwa sababu simu haihitaji mwigizaji wa pili wala mahali pa pili. Kisha kuna kumbukumbu zilezile zinazorudishwa kwa rangi iliyofifia, na picha za sura tano zikishangaa moja baada ya nyingine, kila moja sekunde nne. Hesabu: sura tano kwa sekunde nne ni sekunde 20. Zifanye mara sita kwa usiku mmoja, dakika mbili zimekwenda bila neno kusemwa.

Sasa Waturuki, maana najua hapo ndipo kidonda kilipo.

Sehemu moja ya tamthilia ya Uturuki, kwao, huoneshwa mara moja kwa wiki na huzidi saa mbili. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi ili itoshe ratiba za wanunuzi. Ndiyo maana nyingine huishia katikati ya sentensi, mtu akiwa bado ameshika kikombe. Watazamaji wengi huona ni kasoro. Kwangu mimi ndiyo siri ya kwa nini hazikudanganyi Jumatatu: Ijumaa yenyewe hakuiandika mtu, mkasi ndio ulioamua. Deni halikukopwa, kwa hiyo halihitaji ujanja kulipwa. Kwa hiyo nikizisifu kwa Jumatatu nyepesi, nakiri, nazisifu kwa jambo ambalo si sifa yao. Kwenye safu ya kipya huanguka vibaya: zina macho yanayotazamana dakika nzima juu ya muziki. Zipime kwa safu ya pili. Nani amebadilika tangu mwezi jana? Hapo ndipo nzuri zake hutengana na zile za kuuza mapazia na magari.

Zilizoingizwa sauti za Kiswahili zina kipimo chao kidogo zaidi. Funga macho. Kama huwezi kumtofautisha baba na mkuu wa polisi, ni sauti ileile inayofanya kazi mbili, na tamthilia yenye watu 20 imeachiwa watu wanne.

Kufunga macho kunafaa pia kwa zetu. Nyingi za msimu huu zimepigwa kwenye majumba ya kukodi yenye sakafu ya vigae na dari ndefu, na vigae hurudisha sauti kama bafuni. Suluhisho si ghali: zulia, mapazia mazito, hata mablanketi yaliyotundikwa nyuma ya kamera. Sikiliza pia kati ya sentensi moja na nyingine. Kama mngurumo wa chumba unakatika na kurudi kila picha inapobadilika, hakuna aliyekumbuka kurekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba kile, ule ambao mhariri huutandaza chini ya maneno ili viungo visisikike. Nywele ni kesi nyingine. Onyesho la sebuleni na la getini linaweza kuwa siku moja katika hadithi, lakini yamepigwa wiki mbili mbali, kwa kuwa maonyesho yote ya mahali pamoja hupigwa kwa mkupuo. Mhusika akitoka sebuleni na rasta na kufika getini na matuta, mtunza mwendelezo, yule wa kuhakikisha nguo na nywele zinalingana, hakupiga picha, au hakuwepo. Hilo nalisamehe mara mbili kwa mwezi. Sauti mbovu siisamehe.

Kuhusu hadithi zenyewe, mkondo tulio nao una historia fupi. Tamthilia ya Maria ilianza kwenye kituo cha Citizen mwaka 2019, msichana maskini na familia tajiri, kila siku ya wiki. Zora ikafuata 2021, Sultana 2022. Tangu hapo jioni zetu zimejaa geti, jumba, urithi, na bibi harusi anayelia. Sina ugomvi na geti. Ugomvi wangu ni kwamba deni la urithi ni moja tu, nani atapata mali, na likilipwa hadithi imekwisha. Kwa hiyo haliwezi kulipwa, na Jumatatu lazima iwe ya uongo. Linganisha na kile kichekesho cha Papa Shirandula. Mtu ni bawabu, mkewe anadhani ana kazi ya ofisini. Basi. Kila mgeni, kila mwaliko wa harusi, kila shati jipya ni deni jipya, bila bastola hata moja. Ndiyo maana ilidumu hadi kifo cha mwigizaji wake mkuu, Charles Bukeko, mwaka 2020. Vioja Mahakamani nayo hufungua kesi na kuifunga kikao kilekile, kwa hiyo kipimo cha Jumatatu usikitumie hapo. Pima kama hakimu anaweza kubaki bila kucheka.

Na sisi wa huku Magharibi na kando ya ziwa? Tupo, getini na jikoni. Mlinzi anayevuta maneno, shangazi aliyeshuka basi na kuku, Mjaluo ambaye kila sentensi yake huanza kwa "omera" na kuishia kwa "yawa". Wapwani nao wanaigizwa na watu wasiojua kwamba Mombasa mtu husema "ndoo" akimaanisha njoo. Kipimo changu ni kimoja: ukimwondoa mhusika huyo, je, hadithi inasimama? Ikisimama bila kutikisika, alikuwa pambo, hata kama alikuchekesha. Tukubali pia kwamba tunacheka sana, na kicheko hicho kinahesabiwa kituoni kama idhini. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na bado msimu huu sikuona hata hadithi moja inayokaa hapo. Magari hupita tu kuelekea kijijini.

Makosa ya kupima ni mengi kuliko mnavyofikiri. Kutazama kwenye mkahawa wa Kondele hakuhesabiki. Rimoti iko kwa mwenyewe, na mpira ukianza hadithi imekufa. Vipande vya TikTok ni Ijumaa tupu, hakuna aliyewahi kusambaza Jumatatu. Stima ikipotea usisimuliwe, subiri sehemu ipandishwe YouTube. Kwa ubora wa picha wa 360p, dakika 22 hula takriban MB 110, kwa hiyo wiki nzima ni kama MB 550. Panga bando lako. Ukitazama sehemu nyingi kwa mpigo, simama kila Ijumaa, andika zile njia tatu, ulale. Bila usiku wa kusubiri, Jumatatu ya uongo huteleza kooni na huisikii.

Mnaniambia ni burudani tu, kwa nini daftari. Dakika 110 kwa wiki, wiki 13 za msimu, ni dakika 1,430. Hiyo ni siku nzima, mchana na usiku, ikipungua dakika kumi. Mtu akikuomba umpe siku nzima ya maisha yako, walau ungemuuliza ya nini. Watu wa soko la Kibuye huigeuza nyanya mara tatu kabla ya kuinunua, kisha jioni wanameza chochote kilichowekwa mbele yao.

Kwa hiyo, dadangu wa Nyalenda, ile unayoitetea sana. Jumatatu iliyopita vipimo vya DNA vilikuwa vya mtu mwingine. Hiyo ni moja. Ijumaa wakili amepigwa risasi kwenye ngazi. Umeshaandika njia zako tatu? Akiamka na bandeji begani, nywele zimechanwa na mafuta usoni, hiyo ni ya pili.